Matope Huulizwa kwa Mguu

Wenzangu wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa khanga na redio, na mmoja wenu akasimama akaniomba niache maneno mawili matatu kuhusu kazi. Nilishindwa kusema kwa sababu nilikuwa nalia, na mtu anayelia hafundishi. Sasa nimekaa barazani kwangu, mvua ya alasiri inanyesha ziwani, na mikono haina cha kufanya. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwaje. Hayo yalikuwa madogo na mnayajua. Nitawaeleza matope.

Kabla sijajua tairi la gari nilijua tairi la mguuni. Baba yangu alitoka Kiriba akaja Musoma mjini kushona katambuga, vile viatu vya tairi, sokoni, na mimi ndiye niliyekuwa mkataji wake. Tairi kuukuu tulilipasua kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, maana kisu kikavu hakiingii kwenye mpira. Hukwama, halafu huruka na kukutafuta kidole. Matairi hayo tulikuwa tukiyachukua kwenye gereji ya Bwana Karsan. Siku moja, mwaka ule bendera ilipobadilishwa, Bwana Karsan alinikuta nyuma ya gereji yake nikipasua tairi la lori kimya kimya, akasimama kunitazama mpaka nikamaliza. Kisha akamuuliza baba kama angeniruhusu nije nifanye kazi kwake. Baba alisema sawa, mradi nirudi nyumbani jua halijazama.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchonga. Tairi likiisha kashata zake, zile tofali za mpira zinazoshika barabara, watu huliita kipara na kulitupa. Lakini kama mpira chini bado ni mnene, unaweza kupasha kisu moto ukachonga mifereji mipya, na tairi likaishi tena msimu mzima. Inataka mkono usiotetemeka na pua inayovumilia. Watu walikuja kunitazama kama wanavyokuja kumtazama ndama mwenye vichwa viwili. Baada ya muda walichoka, wakagundua kwamba ndama mwenyewe ana kichwa kimoja tu, tena ananuka moshi.

Aliyenifundisha mengine yote ni Mzee Magesa. Huyu alikuwa Mzanaki wa Butiama, mkuu wa matairi pale gereji, na wakati wa vita ya Wazungu alikuwa Burma akifunga matairi ya malori ya jeshi kwenye mvua isiyokatika. Alikuwa mrefu, mpole, na hakupenda kelele karibu na gurudumu. Siku yangu ya pili nililipiga tairi nyundo kwa hasira kwa kuwa lilikataa kutoka kwenye rimu. Akanishika mkono.

"Binti, tairi halijakutukana. Limelala. Liamshe taratibu."

Akapitisha leva moja, kile chuma bapa cha kubandulia tairi, akaikalia kwa goti, akapitisha ya pili shibiri moja pembeni, na tairi likatoka lenyewe. Nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote na bado nikishika leva naisikia sauti yake. Alinifundisha kuzamisha tyubu kwenye karai na kutazama viputo badala ya kutazama ukubwa wa tundu. Alinifundisha kwamba upepo ni nusu ya tairi: tairi zuri lenye upepo mbaya ni tairi baya. Na alikuwa mtani wangu, kwa kuwa sisi Wajita aliona hatujui ardhi. "Ninyi mmezoea kukanyaga mchanga wa ziwani na samaki furu," alikuwa akisema, "mtajuaje mbuga?"

Kulikuwa na mashindano ya magari wakati ule. Msidhani ni kama yale mnayoyasikia redioni, yenye magari yaliyokuja kwa meli. Yetu yalikuwa ya watu wa kawaida na magari yao ya kawaida: daktari wa hospitali, mwalimu wa sekondari, mnunuzi wa pamba, dereva mmoja au wawili wa malori. Gari lililoshindana Jumamosi ndilo lililompeleka mwenyewe kazini Jumatatu, kama bado linatembea. Walitoka Musoma, wakapita Butiama, wakazunguka hadi Bunda, wakarudi Musoma. Walikimbia wakati wa masika kwa sababu kiangazi malori na madereva walikuwa kwenye pamba. Ndiyo maana mashindano yetu yalikuwa ya mvua, na ndiyo maana mtu wa matairi alikuwa na heshima kuliko mtu wa injini. Watu wa injini hawakulifurahia jambo hilo, na mpaka leo hawajalifurahia.

Ugumu wake ni huu. Njia ile ina udongo wa kila namna, na dereva ana seti moja ya matairi. Kutoka Musoma ni changarawe. Mvua ikinyesha, juu panateleza lakini chini ni pagumu. Hapo unataka tairi jembamba lililojaa upepo, likate ute wa juu liguse ugumu wa chini. Ukikaribia Butiama kuna mawe na mchanga. Ukiteremka kuelekea Bunda, kabla ya Manyamanyama, unaingia mbuga: udongo mweusi, ule wa pamba. Huo hauna mzaha. Tairi lenye mifereji ya karibu karibu hujaa udongo ule mara moja, na hata likiwa jipya linakuwa kipara. Hapo unataka kashata kubwa zilizoachana, zijisafishe zenyewe zikizunguka. Lakini kashata hizo hizo kwenye changarawe hulifanya gari licheze. Sasa uchague.

Mzee Magesa alichagua kwa miguu. Siku moja kabla ya mashindano alikwenda na lori hadi sehemu mbaya, akavua viatu, akakunja suruali, akatembea. Mwendo huo aliuita kukanyaga. Matope yakipita katikati ya vidole yakadondoka, ni mepesi. Yakishika kisigino na kukataa kuachia, ni mazito. Ukisikia baridi ya ghafla, kuna maji yanayopita chini. Ukisikia ugumu, pima kwa kisigino, usipime kwa vidole, maana vidole hudanganywa na jani. Fimbo haifai, na macho ndiyo hayafai kabisa. "Matope huulizwa kwa mguu," alikuwa akisema.

Nilianza kwenda naye. Hizo ndizo siku ninazoziota. Mvua imetoka kunyesha, maua ya pamba yamefunguka, mengine ya njano na mengine yamegeuka waridi, yangeyange wamesimama kwenye maji, na sisi wawili tunatembea peku polepole bila kusemezana, kila mmoja akisikiliza kwa nyayo. Wakati mwingine nilisahau gari lenyewe. Nilisahau kama tumekuja kwa ajili ya mtu atakayepita pale kwa mbio na kuona miti tu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na jina lake, na hata sasa ninapoandika inanijia tumboni.

Tukifika mwisho wa mwendo, Mzee alisimama, akasema: "Jembamba, upepo mwingi," au "Kashata nyuma, mistari mbele," mistari ni tairi la mifereji iliyonyooka. Tukarudi. Madereva hawakubishana naye. Wa kwanza kumwamini alikuwa Mahende, mtoto wake wa pekee, dereva wa lori ambaye alikuwa na gari dogo la Kifaransa alilolifanya teksi. Mahende alikuwa mcheshi, mwenye mbio, na hakuwahi kuogopa kona yoyote. Ukimuuliza kwa nini haogopi, alijibu: "Baba ameshapita kwa miguu."

Likaja Azimio, gereji ikawa karakana ya umma. Bwana Karsan alikaa nasi kidogo, kisha akaondoka na familia yake wakati mimi niko Kiriba msibani, na sikumuaga. Naumia nikikumbuka. Matairi yakaadimika. Tairi jipya likawa kitu cha kuhadithiwa, na kisu changu kikawa na kazi kuliko pampu. Nilichonga ya hospitali, ya ushirika, ya trekta. Mashindano hayakufa, lakini yalipungua.

Sasa niwaeleze masika ya mwisho ambayo Mzee Magesa alikanyaga.

Mwaka ule watu walikuwa wamehamia kwenye vijiji vya ujamaa. Kule mbugani kijiji kipya kilisimama palepale ilipopita barabara, kwa hiyo barabara ikasogezwa pembeni, ikapitishwa juu ya kipande cha shamba la pamba la mwaka uliotangulia, ikateremka kwa kona hadi kwenye kijito. Kwa macho ilikuwa barabara ile ile. Tulifika pale alasiri, siku moja kabla ya mashindano, mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku kucha. Mzee akavua viatu, nami nikavua.

Nilizama hadi karibu na goti. Nikangoja ugumu, haukuja. Nikasogea, nikapima kwa kisigino kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na kitu. Upande wa kushoto tu, pembeni kabisa, niliisikia mizizi ya pamba ya zamani ikinishika nyayo kama mkeka. Nikageuka kumtazama Mzee. Alikuwa akitembea taratibu mbele yangu, kichwa ameinamisha, kama siku zote.

"Jembamba, upepo mwingi," akasema. "Juu ni ute, chini kuna ugumu. Palikuwaga hivyo toka zamani."

Nilidhani mguu wangu ndio uliokosea. Tukatoka kwenye matope, tukapita kwenye maji masafi ya pembeni kunawa, na hapo nikaona wekundu ukifuata unyayo wake ndani ya maji. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole changu, ulikuwa umeingia kwenye unyayo wake wa kulia. Naye alikuwa anatembea.

"Mzee, simama kidogo."

"Kuna nini?"

"Kaa hapa, Mzee wangu."

Alikaa kwenye jiwe. Niliuchukua mguu wake mapajani, nikauvuta mwiba. Hakukunja uso. Aliutazama mwiba, akautazama mguu, kama mtu anayetazama mguu wa mwenzake. Miaka ya baadaye hospitali walisema ni sukari. Siku ile hatukuwa na jina la kuuita.

Yangeyange mmoja akaruka. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Nyanjura, kwani pale chini kuna nini?"

"Hakuna chini, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole. Wote wawili tulijua maana yake. Mahende angefika pale kwa mbio zake zote, akiamini chini kuna ugumu, na baada ya kona kulikuwa na ukingo wa kijito kilichofurika.

Kwetu huku mtu mdogo hamkosoi mzee mbele ya mwanawe. Kwa hiyo nikamwambia njia ninayoijua: aseme yeye kwamba tufunge kashata, mimi nitafunga, na hakuna mtu atakayejua. Nililisema hilo kwa upendo na nilitaka alikubali. Tulirudi Musoma kwenye lori, yeye ameshika viatu vyake mkononi.

Asubuhi Mahende alikuja karakana akiimba. Alikuwa na matairi mawili mapya membamba, aliyoyahangaikia tangu kiangazi hadi Mwanza, na alikuwa ameyapangusa kwa kitambaa. Madereva wengine walikuwepo, wakiyatazama kwa wivu.

"Baba, sema. Haya si ndiyo yenyewe?"

Mzee Magesa alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi, peku. Akasema, "Jana sikusikia kitu. Miguu yangu haisikii tena. Muulize Nyanjura, yeye ndiye aliyekanyaga."

Mahende akacheka. "Acha utani bana, Mzee. Muda unaenda."

"Sitanii."

"Baba, mimi nilikuwaga napita kwa miguu yako. Leo unaniambia nipite kwa miguu ya nani?"

Mzee alikuwa akitazama ziwani. Mahende akachuchumaa mbele yake, akakishika kidole kikubwa cha mguu wa baba yake, akakifinya. Nilikiona kikigeuka cheupe. Akafinya kwa kucha. Mzee aliendelea kutazama ziwa, hata kope hazikucheza, akauliza tu, "Mbona mmenyamaza?"

Mahende alikiachia kidole, akakipangusa kwa kiganja kama anayeondoa vumbi. Aliposimama macho yake yalikuwa yamejaa.

"Haya, dada. Niambie."

Nilimwambia aweke matairi mapya mbele, kwa ajili ya usukani. Nyuma nikataka matairi mawili ya pikapu, vipara vinene, yaliyolala nyuma ya karakana.

"Yaani mapya yasisukume gari, visukume vipara?"

"Havitakuwa vipara. Washa jiko."

Nilichonga kashata kubwa, zilizoachana vidole vitatu, zenye mlango wa kutokea udongo pembeni. Mzee aliusogeza mkaa, akanipa kisu cha pili kile cha kwanza kilipopoa. Wakati nikichonga nilimweleza Mahende kila kitu ambacho mguu wangu ulikisikia: kwamba Butiama asimame apunguze upepo wa matairi ya nyuma, hata wakimpita, kwamba mbugani asikae katikati kunakovutia macho, ashike kushoto kabisa, kwenye mizizi ya pamba, kwamba asikanyage breki pale, na asiondoe mguu kwenye mafuta. Aliyarudia maneno hayo kama mtoto wa katekisimu.

Nilitangulia kwa lori la ushirika, nikasimama mbugani na watu wa kijiji. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyo na haraka, na vilima vya Bunda vilikuwa vimefutika. Wa kwanza kutokea alikuwa mwalimu, kwa matairi membamba yaliyojaa upepo. Alikuja vizuri mpaka katikati. Kisha gari lilianza kwenda ubavu, polepole, bila kelele, kama linaota, mpaka gurudumu moja likaning'inia juu ya kijito, na likasimama hapo kwa sababu ya kisiki tu. Mwalimu alitokea dirishani, miwani yake imekuwa myeusi. Mwalimu hakuwa na mbio. Nilijua mwenye mbio asingesimamishwa na kisiki.

Nilisikia gari la Mahende kabla sijaliona. Nilishika khanga yangu kwa meno. Lilipanda ukingo wa kushoto, likainama, magurudumu ya nyuma yakaanza kurusha madongo meusi juu kuliko paa, na kila dongo lililoruka nililijua limetoka kwenye mlango gani wa kashata yangu. Lilikwenda taratibu kuliko nilivyomjua dereva wake. Likapita kwenye kona. Likavuka. Mahende hakunitazama, midomo yake ilikuwa inakwenda, na mpaka kesho naamini alikuwa anayarudia maneno yangu.

Hakushinda. Alishinda daktari, ambaye gari lake la mgongo wa kobe lilikuwa jepesi kiasi kwamba matope hayakujua kama limepita. Mahende alikuwa wa tatu, kwa kuwa alipitwa akitoa upepo Butiama. Nasema hili ili msije mkadhani mtu wa matairi hushinda mashindano. Mtu wa matairi humrudisha mtu nyumbani.

Mzee Magesa alikuwa akingoja Musoma kwenye utepe. Hakuuliza nafasi. Alimshika mwanawe bega, akampita, akachuchumaa nyuma ya gari, akaingiza vidole vyake kwenye kashata zangu na kuutoa udongo uliobaki. Akausugua kati ya kidole na gumba. Kisha akaniambia, "Njoo ukae. Nieleze ilivyokuwa chini ya mguu. Yote, usiruke kitu."

Nikakaa chini, nikamweleza. Na baada ya hapo ikawa ndiyo kazi yangu ambayo haikuandikwa popote. Kila mvua kubwa iliponyesha nilikwenda kukanyaga, nikampitia kwake Butiama. Mafuta yalipoadimika na mashindano yakafa, niliendelea kwenda, hata kama hapakuwa na gari lolote la kulichagulia tairi. Alitaka kujua: maji yalikuwa yanapita upande gani, udongo ulishika kisigino au uliachia, baridi ilianzia wapi. Alinisahihisha. "Hapo hukupima vizuri. Rudi kesho."

Mara ya mwisho nilimkuta amelala, blanketi hadi kifuani, Mahende ameketi pembeni. Hakuweza tena kuuliza. Nilivuta kigoda nikaanza mwenyewe, nikamwambia nimetoka mbugani, mvua imekata sasa hivi, maua ya pamba yamefunguka, na kwamba ninaingia taratibu, matope ni ya uvuguvugu juu, yanapita katikati ya vidole, sasa yanafika kwenye kifundo, sasa baridi. Mzee alifumba macho. Mahende akanigusa mkono, akanionyesha kwa kidevu. Mwisho wa kitanda, chini ya blanketi, vidole vya miguu ya Mzee Magesa vilikuwa vinajikunja na kujikunjua, taratibu, vikitafuta chini.